Barua kwa mwanangu: kizazi kitolewe kwa njia gani

Mwanaidi mwanangu,

Voisi yako nimeipata. Unasema dawa za kuzuia damu umemeza wee, kitanzi cha homoni nacho kikatoka chenyewe, fibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio wa kansa, bado zipo, na sasa umeshakubali kizazi kitolewe, ila daktari kakuambia kuna kupasua tumbo, kuna matundu madogo ya kupitisha kamera na kuna kutolea chini ukeni, na wifi yako anakushikilia matundu ndo mambo ya kisasa. Unaniuliza uchague ipi. Haya, mie nimekaa thieta, chumba cha upasuaji, mpaka nastaafu kwahiyo nitakujibu kinesi na kimama, nikichanganya usinishangae.

Kabla ya njia, niambie kizazi chako kina ukubwa gani. Cha kawaida kina gramu kama 60 hadi 80, sasa ukishakuwa na fibroidi daktari anakisoma kwa wiki za mimba, yaani kimekuwa kikubwa kama chenye mimba ya wiki ngapi, kwenye ripoti ya ultrasaundi wataandika labda wiki 10 au 14 au 20. Kikiwa cha wiki 12 kushuka chini, njia zote zinawezekana kwa watu wengi. Kikishafika kitovuni huko mara nyingi ni tumbo, hata wifi yako apige kelele vipi.

Mie ningeanza kuulizia ya chini. Najua haina sifa, huko mtandaoni hakuna anayeirusha, lakini chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani 2017 walirudia kusema kwa ugonjwa usio wa kansa, kama inawezekana ukeni basi ndo iwe ya kwanza. Hakuna kidonda tumboni, sindano ya mgongo inaweza kutosha, gharama yake kawaida ni ndogo, na mtu anarudi kwenye shughuli zake mapema. Na wewe watoto wote watatu umewasukuma mwenyewe, hiyo ni faida, kizazi kinashuka kirahisi (ila hata aliyezaa kwa kisu asikatiwe tamaa, anapimwa tu kama wengine). Daktari akikupima ataingiza vidole viwili ukeni, mkono mwingine anaukandamiza juu ya kinena, anakisukuma huku na huku asikie kama kinacheza. Muulize hapohapo kitandani: kinacheza au kimeshikana? Kikiwa kimegandana na kibofu au utumbo, kukivuta kwa chini ni kutafuta balaa.

Matundu sasa. Daktari wa kwanza kutoa kizazi hivo ni Harry Reich, Marekani, 1988, kwahiyo hata huo ukisasa wenyewe una umri wako au karibu. Unalazwa usingizi kabisa, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, wanaingiza kamera na vyuma virefu vyembamba. Ukiamka bega linaweza kukuuma siku moja mbili, ni ile gesi, usije ukanipigia usiku wa manane ukilia eti moyo. Uzuri wake ni kwamba daktari anaona ndani vizuri, kama kuna makovu au endometriosisi (ile nyama ya ndani ya kizazi kuota nje yake) anayafungua kwa macho, na kupona ni haraka kuliko tumbo. Ubaya ni kwamba inachukua muda mrefu na inataka mkono uliozoea hasa, maana ule mrija unaoshusha mkojo kutoka figo unapita chini ya mshipa wa damu wa kizazi, kama sentimita mbili tu pembeni ya mlango wa kizazi. Kwenye njia zote unaweza kuguswa, ila kwenye matundu mwenye mkono mchanga ndo anakujeruhi bila kujua. Na kama kizazi ni kikubwa uliza kitatolewaje, kwa sababu 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu ile mashine ya kukisagasaga ndani, kama kuna kansa imejificha inasambaa tumboni. Roboti sikuandikii, kwa ugonjwa kama wako haijaonekana kuzidi matundu ya kawaida ila bei ndo imezidi.

Na ikiwa tumbo, mwanangu, usione umeonewa. Shangazi yako wa Makorora alipasuliwa mshono wa mlalo juu ya kinena, na leo ukimkuta sokoni anabishania bei ya changu utasema huyu hajawahi kulazwa. Kupona ni kama wiki 6. Mie ni bora daktari aliyetoa vizazi kwa tumbo maisha yake yote kuliko anayejifunzia matundu kwako, kwahiyo muulize bila aibu, kwa mwaka anafanya ngapi za njia hii anayoitaka, na ikikwama katikati atahamia tumboni? Hilo la kuhamia ulijue kabla hujasaini.

Ovari, vile vifuko vya mayai, kama ni nzima na hujakoma hedhi mwambie aziache, labda iwe ukoo una kansa, na kwetu hakuna. Mirija ya kizazi aitoe, inapunguza hatari ya kansa ya ovari huko mbele. Mlango wa kizazi ukibaki utaendelea kupimwa saratani kama kawaida. Na damu, wallahi damu, kwa unavotokwa hivo hutaingia thieta bila kupima hb, yaani wingi wa damu, na kwa umri wako wachukue kinyama cha ndani ya kizazi wapime kwanza.

Mumeo mwambie mapema, wiki 6 hadi 8 hakuna kitu, na ndoo ya maji hushiki. Nakuja mie huko Dar, usijitie kupanda basi kuja Tanga na mshono. Ripoti ya ultrasaundi nitumie leo, uipige picha mchana, na uulize bima yako inalipia njia ipi maana matundu sio kila hospitali wanayo.

Mama