Mzigo Hupotelea Gatini, Si Barabarani

Mwaka wa kwanza wa duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Langoni, Lamu, niliagiza katoni 120 za vigae kutoka Mombasa. Lori lilifika Mokowe, jeti ya bara ambako mizigo huvushwa kwa mashua kuja kisiwani kwetu, saa nane mchana, maji yamekupwa, mashua iko chini kabisa ya ngazi za jeti. Dereva alikuwa na haraka ya kugeuza kabla jua halijachwa, basi makuli wakawa wanarushiana katoni mkono kwa mkono kuteremka ngazi. Nilipohesabu dukani zilikuwa 113, na tisa kati yake ukizitikisa zalia kama chupa ndani ya gunia.

Dereva nilipompigia simu aliapa kaleta zote. Nikamwendea nahodha, mtu mzima kumzidi baba yangu, nikamwamkia na kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia, "Mwanangu, mimi nimevusha nilichopewa. Ni ngapi nilizopewa, hilo wewe ndiwe wa kuniandikia."

Nilirudi nyumbani nimefadhaika, lakini kila nikiwaza naona mzee ana haki. Mzigo ule ulipita mikono mitano: bohari la Mombasa, lori, makuli wa Mokowe, mashua, na mkokoteni wa mjini. Hakuna hata mmoja aliyepokea kwa hesabu. Vijana wanaoanza biashara hapa Lamu na kule Faza na Pate huniuliza habari za bandari mpya, barabara na programu za simu. Hayo nitayagusa. Ila mimi hasara zangu kubwa zote zimetokea pale mzigo unapotoka mkono mmoja kuingia mwingine, na hapo ndipo nataka mtu aanzie.

Siku hizi nafanya hivi. Kabla lori halijatoka Mombasa, msimamizi wangu anahesabu na dereva, wanapiga picha ya mzigo na namba ya gari, picha inaingia kwenye kundi letu la WhatsApp ambamo yumo dereva, nahodha na mimi. Mokowe panahesabiwa tena kabla mashua haijafunguliwa kamba, na nahodha anatia sahihi. Nauli ya lori nalipa nusu mwanzo, nusu baada ya hesabu ya Mokowe, kwa M-Pesa, papo hapo. Katoni za kila mteja napiga mstari wa rangi yake. Na vigae vipangwe vikiwa vimesimama, visilazwe. Kigae kilicholala hubeba uzito wa wenzake wote, na lori likiruka tuta moja tu, kishapasuka.

Jambo la pili ni maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka takriban mita 3, na kila siku maji hujaa kama dakika 50 baada ya saa ya jana. Dereva wa Mombasa hajui hayo, wala si kazi yake kujua. Ni kazi yako. Tazama saa ya maji kujaa Mokowe, hesabu nyuma zile kilomita zaidi ya 300, ndipo umwambie saa ya kuondoka. Mashua ikiwa sawa na jeti, katoni hupita kiunoni kwa mtu, hairushwi. Tangu nianze kupanga hivi, vigae vinavyovunjika kwangu ni vya kuhesabu kwa vidole.

Sasa barabara. Waliokuwapo wanaikumbuka njia ya Garsen kuja Lamu kabla ya lami: mvua ikinyesha, lori linalala Nyongoro siku mbili tatu. Ndiyo maana wazee wetu wa biashara waliweka mali ya miezi miwili stoo. Lami ilipokuja wengi tukaacha desturi hiyo, tukawa tunaagiza kidogo kidogo kila wiki, na pesa ikapata kupumua. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zikaja, Tana ikafurika, njia ikakatika, nami stoo nina mifuko 30 ya saruji tu. Wateja wangu wa siku zote wakaenda kwa mwenzangu ambaye hakuwa ameacha mazoea ya zamani. Niliokolewa na mifuko 200 iliyokuja kwa jahazi, kwa nauli iliyokula faida yote.

Kwa hiyo shauri langu ni hili: agiza kidogo miezi ya kiangazi, lakini kabla ya masika na kabla ya vuli weka mali ya wiki 4 kamili. Usizidishe kwa saruji, kwani hewa yetu ya chumvi na unyevu huigandisha. Iweke juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itoke kwanza. Tena usikate namba ya nahodha wa jahazi eti kwa sababu kuna lami.

Bandari mpya ya Lamu, ile ya Kililana, huulizwa sana. Gati la kwanza lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021, sasa yako matatu, na kina cha mita 17.5 kinapokea meli kubwa sana. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake mpaka sasa ni kushusha makontena na kuyapakia meli nyingine yaende kwingine. Saruji yangu bado yapita Mokowe. Usikope kujenga bohari kwa kusikia uvumi. Nenda kwanza ukamuulize wakala wa forodha ni mizigo ya nani inayotoka getini.

Lililonigusa zaidi lilitokea mbali. Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli kwenye Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zilizungushia meli zao Rasi ya Tumaini Jema, siku 10 na zaidi juu ya safari. Nilikuwa na mteja anayejenga Shela aliyetaka mabomba ya bafu kutoka Italia. Hayo nilielewa kwa nini yachelewe. Kilichonishangaza ni vigae vya China, ambavyo haviigusi bahari ile, navyo kupanda bei. Wakala alinifafanulia: meli ikikaa baharini siku nyingi zaidi, na makontena yake hukaa nayo, basi nafasi hupungua dunia nzima na kila mwenye meli hupandisha. Nilishampa mteja bei kwa mdomo, nikailipa tofauti mwenyewe. Leo kila bei ninayotoa ina tarehe ya mwisho, siku 14, na naiandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa.

Mawili ya haraka. Mwenye lori asiyeweza kukupa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya kodi, mwache, kwani tangu Januari 2024 KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haikubali gharama isiyo na risiti hiyo, na utatozwa kodi juu ya nauli uliyolipa. Na msimu wa maembe wa Hindi na Mpeketoni, huku bara ya Lamu, mtafutie dereva mzigo wa kurudi. Lori lisilorudi tupu hukupunguzia nauli bila ugomvi.

Mkono wa mwisho ni vichochoro vyetu. Vigae na masinki mimi hupeleka kwa mkokoteni, juu ya godoro kuukuu. Saruji yapanda punda, mifuko miwili, mmoja kila ubavu. Mwenye punda akitaka kuongeza wa tatu ili amalize mapema, mkatalie na umlipe safari ya ziada. Mnyama akiteleza njia ikiwa na maji, mfuko hupasuka, na mguu wake ukivunjika ni vigumu kupona.