Kabla ya Dodoso, Keti: Ushauri kwa Anayetaka Kutafiti Tiba Shufaa

Wanaotaka kuingia kwenye utafiti wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye ugonjwa mzito, huniuliza kwanza wasomee nini. Udaktari, uuguzi, ustawi wa jamii, saikolojia, takwimu, yote yanafaa. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa) ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alianzia uuguzi, akaingia ustawi wa jamii, ndipo akawa daktari. Kinachonigusa zaidi ni kwamba alikaa miaka kando ya vitanda vya watu wanaokaribia kufa, akiwasikiliza na kuyahifadhi maneno yao. Humo ndimo lilimotoka wazo lake la maumivu kamili: mwili, moyo, familia na imani huuma pamoja.

Kwa hiyo, kabla hujaandika pendekezo la utafiti, omba kuambatana na timu ya wodini au inayowafuata wagonjwa majumbani. Dodoso liache. Utaona kwamba mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, na ukimhoji mtu dozi ya awali ikiwa imeanza kuisha nguvu, unachopima ni ratiba ya dawa. Utajua saa za kufunga vidonda, na nani katika familia ndiye anayeshika neno la mwisho.

Mama mmoja nilimuuliza maumivu yake ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Akafikiri. "Mguu ni tatu, mwanangu. Lakini kitinda mimba wangu hajaambiwa kwamba sitapona. Hiyo andika kumi." Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja. Nikaweka tatu, na maneno yake yote nikayaandika pembeni. Utafiti wangu uliofuata, kuhusu namna familia zinavyopeana habari mbaya, ulitokana na yale ya pembeni.

Kikwazo utakachokutana nacho mapema ni kauli ya "mwacheni apumzike". Itatoka kwa ndugu, kwa daktari, pengine kwa kamati ya maadili, na mara nyingi inatoka kwenye huruma ya kweli. Hata hivyo mimi naamini ni makosa kumwamulia mtu mzima mwenye akili zake asiulizwe, eti kwa sababu anakufa. Wengi niliowahoji walitaka kusema. Wajibu wetu ni kuhakikisha kukataa ni rahisi kama kukubali. Ridhaa iombwe upya kila mara: aliyekubali Jumatatu anaweza kuwa hoi Alhamisi. "Mama, tuendelee au leo tuache?" Akigeukia ukutani, hilo ni jibu. Funga daftari.

Baadhi ya washiriki watafariki kabla ya mahojiano ya pili. Kaa na mtakwimu tangu mwanzo: maswali machache, vipindi vifupi, na kila pengo liandikiwe sababu yake, kama amefariki, amezidiwa au amekataa. Ukichambua majibu ya waliobaki peke yao, utaripoti habari za wenye nafuu na kuwaacha waliokuwa na shida kubwa. Mlezi akijibu kwa niaba ya mgonjwa, weka alama; walezi mara nyingi huyakadiria maumivu kuwa makali kuliko mgonjwa mwenyewe anavyosema.

Fedha ni kidogo, na mikataba ni mifupi. Ukiulizwa na mfadhili kwa nini agharimie kazi ya watu wasiopona, mweleze utafiti wa Jennifer Temel na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu ya saratani, walikuwa na maisha bora zaidi, tena mediani ya kuishi kwao, yaani muda ambao nusu yao waliuvuka, ilikuwa miezi 11.6, ya wenzao 8.9.

Jambo lisiloandikwa kwenye bajeti ni majonzi yako. Utazoea sauti za watu kwenye rekodi, kisha utakuwa unazinukuu wenyewe wakiwa wameshazikwa. Usifanye unukuzi peke yako usiku, na uwe na mwenzako mmoja wa kumweleza mara kwa mara, mtu asiyekusimamia kazini.

Matokeo yakikamilika, yapeleke wodini kabla ya kusubiri jarida. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha ya kawaida, na usome mbele ya wauguzi waliokufungulia mlango. Watakuambia mahali ambapo hukuelewa, na marekebisho hayo yaingie kwenye makala.