Mama mkwe amelima uwanja wangu, nami nikang'oa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto wawili na tunaishi Kinyerezi, Dar es Salaam. Baba mkwe alipofariki mwaka jana, mume wangu alimchukua mama yake kutoka Lushoto aje kukaa nasi. Mwanzoni tuliishi vizuri, kisha akaanza kulima. Ukoka niliopanda kwa gharama ameufyeka, amepanda matembele na mchicha mpaka mlangoni. Maganda, makombo na utumbo wa samaki anarundika ukutani, inzi wamejaa na jirani amelalamika. Maji ya mvua anayakinga kwenye mapipa yasiyo na mifuniko, mbu wameongezeka. Mboga nyingine anawauzia majirani, naona aibu, watu watadhani hatumlishi. Nikimwambia mume wangu ananijibu, "Malizaneni wenyewe." Majuzi mama alipokwenda msikitini niling'oa matembele yote ya mbele. Tangu siku hiyo haongei nami zaidi ya salamu, anakula chumbani kwake, na wifi ameandika maneno kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp. Nataka nyumba yangu irudi kama zamani. Nifanye nini?*

*Mama wa wawili, Kinyerezi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hayo yote.

Nianze na matembele, maana ndiyo yaliyoniuma. Ulingoja atoke. Ungeyang'oa mbele yake mngegombana, sauti zingepanda, na pengine yangekwisha siku hiyohiyo. Lakini kungoja mtu mzima aende kuswali ndipo uharibu kazi ya mikono yake, hapo umemwambia kwamba humo ndani hana chake. Na hilo ndilo analoliogopa kuliko yote. Mumewe amemzika juzi tu, shamba ameliacha, nyumba alikozalia watoto wake ameifunga, amekuja mahali ambapo hata sufuria ni za mwanamke mwingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama huyu jembe alilishika mwenyewe, nawe ukampokonya.

Fikiria alikotoka. Lushoto mboga ndiyo maisha ya watu. Kabichi na karoti nyingi mnazonunua Kariakoo zimeshuka kutoka milima ile ya Usambara. Mwanamke wa kule huzoea kushika hela yake mwenyewe, fungu kwa fungu. Kwa hiyo anapomuuzia jirani mchicha hatangazi kwamba ana njaa. Anatafuta hela ya sadaka, ya vocha, ya kumnunulia mjukuu andazi bila kumnyooshea mwanawe mkono. Aibu hiyo iondoe moyoni kabisa. Mwache auze, na siku ukikosa mboga, nunua kwake na umlipe.

Sasa, yako mambo mawili ambayo haki ni yako, wala usiyanyamazie: yale mapipa na ule utumbo wa samaki.

Mbu anayeeneza dengue hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na watu, kwenye mapipa, ndoo na matairi, na huuma mchana, wakati watoto wanacheza uwanjani. Dar es Salaam tuliugua dengue sana mwaka 2014 na tena 2019. Kwenye joto letu yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja au siku kumi hivi. Basi kila pipa lipate mfuniko unaobana, au kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa kamba pande zote. Na kila wiki maji yamwagiwe mboga hadi yaishe, pipa lisuguliwe ndani kwa brashi, maana mayai ya mbu huyu hugandia ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji. Kumwaga tu hakutoshi. Kukinga maji ya mvua kwenyewe ni jambo jema, usimkataze.

Rundo la ukutani linanuka kwa sababu limejaa vitu vibichi na vyenye maji bila kikavu chochote, na kwa sababu ya samaki. Utumbo wa samaki, mifupa, wali uliobaki, chochote chenye mafuta, hivyo visiingie kabisa. Ndivyo vinavyoita inzi na panya. Vibaki maganda ya ndizi, ya viazi na ya vitunguu, majani ya chai na maganda ya mayai. Kila ndoo moja ya maganda ifunikwe kwa ndoo mbili za vitu vikavu: majani yaliyofagiliwa uwanjani, vipande vya maboksi, au maranda kutoka kwa seremala (muulizeni kwanza kama mbao zilipakwa dawa, zikiwa na dawa msichukue). Juu kabisa tandazeni udongo kidogo. Kila wiki ligeuzwe kwa koleo. Ukifinyanga konzi moja mkononi lishikane bila kuchuruzika. Likichuruzika, ongeza makavu, na likimeguka kama vumbi, nyunyiza maji. Lisogezwe mbali na ukuta wa jirani, chini ya kivuli. Likitunzwa hivyo, kwa miezi miwili au mitatu mtakuwa na mbolea nyeusi isiyonuka chochote ila udongo wa mvua. Taka za kumlipa mzoa taka nazo zitapungua sana.

Ila usiende kumfundisha haya leo wala kesho. Hujapata haki ya kumfundisha.

Kwanza nenda kamwombe radhi. Usimtume mumeo, usitangulize kitenge wala bahasha, maana ataona unamnunua. Nenda wewe, watoto wakiwa shule, ubishe hodi, ukae chini kwenye mkeka na umwambie: "Mama, siku ile nilikukosea. Nilingoja utoke nikang'oa mazao yako. Naomba unisamehe." Nyamaza hapo. Usiongeze "lakini na wewe mama". Mambo ya inzi na mbu yana siku yake. Huenda atakujibu palepale, huenda atakaa kimya siku mbili. Kimya chake kivumilie, uendelee kumwamkia na kumpelekea chai.

Ukiona amelainika, mwombe mkapande pamoja. Matembele hayana makuu: marando yenye pingili nne au tano, pingili mbili au tatu zikae chini ya udongo, mwagilia jioni, yenyewe yatashika. Kama hamkubaki na marando, mwombe yeye akayatafute kwa hao majirani anaowauzia. Muulize maswali ambayo kweli huna majibu yake, kwa mfano udongo wenu ukiwa wa kichanga aufanyeje ushike maji. Atafurahi kuulizwa. Naye kuna la kujifunza hapa mjini, kwamba kabichi na karoti alizozoea kwenye baridi ya kwao zitamhangaisha kwa joto hili, ila mchicha, bamia, kisamvu na mnavu vitamlipa vizuri. Mchicha huchumwa wiki tatu au nne tu tangu kumwaga mbegu. Wape watoto tuta lao dogo chini ya usimamizi wa bibi, utashangaa watakavyoumaliza mchicha waliozoea kuutenga pembeni mwa sahani.

Hapo ndipo mtagawana uwanja. Kutaka pahali pazuri pa kukaa jioni si dhambi, mwanangu, na nyumba ni yako pia. Ukoka wa mbele mlangoni urudi, na upande wote wa nyuma uwe wa mama, asiulizwe anapanda nini. Pasipotosha, viroba vya salfeti vilivyotobolewa chini na kujazwa udongo na samadi vinabeba mboga nyingi kandokando ya ukuta. Hayo mkubaliane kwa maneno, mchana, mumeo akiwepo.

Na mumeo ndiye aliyenikera zaidi katika barua hii. Yeye ndiye aliyemleta mama yake, kisha akakuachieni ninyi wawili mtafutane kwenye korido. Mama yake hawezi kujua kama kijana wake anaipenda bustani ile au anaivumilia tu, nawe hujui kama yuko upande wako. Mwambie mkiwa wawili, bila hasira: "Sikuombi unitetee. Nakuomba ukae nasi saa moja Jumapili tupange uwanja, na mifuniko ya mapipa ununue wewe." Akirudia lile jibu lake la malizaneni, mwambie mama anakula peke yake chumbani, kisha muulize kama hivyo ndivyo alivyokusudia alipokwenda kumchukua Lushoto.

Wifi usimjibu kwenye kikundi. Mpigie simu baada ya kuomba radhi kwa mama, si kabla, umweleze ulichokosea na mlichopanga. Akiwa na busara atayafuta mwenyewe maneno yake. Asipoyafuta, yaache, maana atakayemjulisha kwamba mmepatana ni mama mwenyewe siku akimpigia kumwagiza mbegu.

Wako,
Shangazi