Katiba ya Marekani inamlinda mtu au raia?

Wapendwa wa nyumbani, swali lenu ni lile lile kila mwaka: "Mnaishi kwenye nchi ambayo Katiba yake inamlinda kila mtu, sasa mbona watu wetu huko wanaogopa hata mlango ukigongwa?" Tuseme ukweli. Mgeni analindwa, tena kwa mengi. Ila ulinzi wenyewe una mipaka ambayo wengi huijua maji yakishamwagika.

Hizo haki mnazozisikia hazikuwemo tangu mwanzo. Wajumbe 55 walikutana Philadelphia mwaka 1787 kuiandika Katiba, na tarehe 17 Septemba, 39 kati yao wakaitia sahihi. Siku tano kabla, George Mason wa Virginia alitaka orodha ya haki iongezwe. Majimbo yaliyokuwepo yakamkatalia, naye akagoma kusaini. Orodha ilikuja baadaye kwa shinikizo, pale majimbo kadhaa, Massachusetts likitangulia, yaliporidhia Katiba huku yakidai marekebisho. Mbunge James Madison wa Virginia akayapeleka bungeni mwaka 1789. Kongresi ikapitisha 12, na kufikia 15 Desemba 1791 yakaridhiwa 10. (Moja kati ya yale mawili yaliyobaki, la mishahara ya wabunge, lilipita mwaka 1992. Nasi tunalalamika michakato yetu ya katiba inakawia!)

Walioidai orodha ile waliogopa serikali kuu, kwa hiyo inaifunga mikono serikali tu. Haimgusi bosi wako. Marekebisho ya Kwanza yanalinda maneno yako dhidi ya dola, lakini ukiandika mtandaoni jambo lililomuudhi mwajiri binafsi, katika majimbo mengi anaweza kukuachisha kazi siku hiyo hiyo. Katiba ya Kenya ya 2010 ni tofauti: ibara ya 20 inavibana vyombo vya dola na watu wote, na ibara ya 43 inataja afya, chakula na maji. Ya Marekani haina neno hata moja la matibabu. Hospitali inapompokea mtu wa dharura asiye na bima, inatii sheria ya kawaida ya mwaka 1986, na bili itamfuata nyumbani.

Sasa someni maneno yenyewe. Marekebisho ya Tano, na ya 14 yaliyoongezwa baadaye, yanapolinda uhai, uhuru na mali hayasemi "raia", yanasema "mtu". Mwaka 1886 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi Yick Wo, Mchina mwenye duka la dobi San Francisco ambaye hakuwa raia. Mji ulikuwa umewanyima kibali Wachina wapatao 200 huku ukiwapa karibu wenzao wote wasio Wachina. Msingi huo haujavunjwa. Asiye na karatasi naye ni mtu.

Lakini haki hizi hazijitetei zenyewe, lazima uzitamke. Ukisimamishwa barabarani, dereva anatoa leseni, kadi ya gari na bima. Kisha askari anauliza kwa upole, "Naweza kuangalia ndani?" Sisi tuliolelewa kumheshimu mkubwa tunaitikia, na hapo umeshampa ruhusa, Marekebisho ya Nne, yanayozuia upekuzi wa ovyo, hayatakusaidia tena. Sema, "Sikubali upekuzi," bila kumgusa wala kumzuia. Kunyamaza tu nako hakutoshi: katika kesi ya mwaka 2013 mtu alikaa kimya bila kusema kwamba anatumia haki yake, na ukimya ule ukatumika dhidi yake. Tamka kwamba unatumia haki ya kukaa kimya na unataka wakili. Kudanganya ndiyo balaa zaidi, maana kumwongopea ofisa wa serikali kuu ni kosa la jinai peke yake.

Maofisa wakigonga mlango wako, omba hati ya upekuzi au ya kukamata ipitishwe chini ya mlango. Tazama jina la mahakama, sahihi ya jaji na anwani. Hati ya idara ya uhamiaji yenyewe husainiwa na ofisa wao, si jaji, ndiyo maana mawakili hushauri usifungue kwa karatasi hiyo. Wakiingia kwa nguvu, usipambane. Mwambie wakili akapambane mahakamani.

Wakili wa bure? Kwenye kesi ya jinai inayoweza kukupeleka jela, ndiyo, kama huna uwezo wa kumlipa; msingi uliwekwa na hukumu ya 1963. Kwenye mahakama ya uhamiaji, hapana, unajilipia, kwa kuwa kumrudisha mtu kwao kunahesabiwa kuwa jambo la madai. Wengi wanaumia hapa: wanakiri kosa dogo "ili yaishe", halafu lile kosa dogo linafungua faili la uhamiaji. Tangu 2010 wakili wa jinai anatakiwa kukuonya kuhusu hatari hiyo. Muulize kabla hujakiri.

Mwenye grini kadi aliyefikisha miaka 18 atembee nayo; ni sheria. Na kura, isipokuwa kwenye chaguzi chache za mitaa, ni ya raia. Mtego uko ofisi ya leseni za udereva: karani anauliza harakaharaka kama unataka kujiandikisha kupiga kura, mgeni anaitikia, anatia tiki panapoandikwa "mimi ni raia", anasaini. Miaka baadaye akiomba uraia, ile tiki inatolewa kwenye faili, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha hata kama hukuwahi kupiga kura. Jibu pale dirishani ni "Hapana, mimi si raia," na fomu usome mstari kwa mstari hata foleni nyuma yako ikinung'unika.