Maswali yenu ya baiolojia: Kwani ile seli ya kitabuni ni ya nani?

Safari hii maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya seli, nahisi mitihani imekaribia. Nimechukua machache. Ambao sijawajibu msininunie, wengi mmeuliza kitu kilekile, yaani mmeangalia mchoro wa kitabuni, alafu mmekutana na seli ya kweli, na hivyo viwili havifanani.

Swali: Shikamoo mwalimu. Tulifanya praktikali ya ngozi ya kitunguu, mi nikachora nilichokiona kwenye hadubini, vyumba vyumba virefu na kidoti kimoja kwenye kila chumba, basi. Rafiki yangu akanakili mchoro wa kitabuni na mitokondria, kloroplasti, ribosomu, kila kitu. Yeye kapata maksi nyingi kunishinda. Nani kakosea? – Mchoraji, kidato cha pili

Jibu: Marahaba mchoraji. We ndo umefanya baiolojia, mwenzio kafanya somo la kunakili, na aliyesahihisha naomba apite hapa asome.

Tuanze na kloroplasti, vile vijitambo vya kijani vinavyotengeneza chakula kwa mwanga. Ile ngozi laini unayoibandua kwa ndani kama karatasi ya nailoni haina kloroplasti hata moja. Kitunguu chenyewe ni majani yaliyonenepa ili kuweka akiba ya chakula, yamejifungia huko gizani, sasa mtambo unaotaka mwanga ungekaa hapo kufanya nini? Ribosomu, zile za kutengeneza protini, ndo kabisa. Ribosomu moja ina upana wa nanometa 20 hadi 30 hivi, na hadubini ya mwanga ya kawaida, vitu viwili vikikaribiana chini ya nanometa 200 hivi inaviona kama kitu kimoja. Watu wamekuja kuziona ribosomu miaka ya 1950 kwa hadubini ya elektroni, kwahiyo anayesema kaziona kwenye ile ya darasani anakudanganya. Mitokondria, zile za kutoa nishati kwenye chakula, ndo zina unafuu kidogo, ukizipaka rangi yake maalumu unaweza kuziona kama vidoti vidogo mno, ila kwa iodini tuliyozoea hutoboi.

Kidoti ulichokiona ni kiini. Na umeona kilikuwa hakikai katikati? Kwenye seli nyingi kimebanwa pembeni ukutani, kwa sababu katikati yote kuna vakuoli, mfuko wa maji yenye chumvichumvi na sukari, umejaa mpaka saitoplazimu, ule uteute wa ndani ya seli, imebaki ka utepe mwembamba kuzunguka kuta. Kama mchoro wako ulionesha hivo basi we una jicho.

Na kama mna nafasi ya kurudia, jaribuni hii. Tafuteni kitunguu chekundu, bandueni ile ngozi ya nje yenye rangi ya zambarau, muiweke kwenye slaidi na tone la maji na kifuniko chake. Angalieni kwanza, rangi imejaa chumba kizima. Sasa wekeni tone la maji ya chumvi nyingi upande mmoja wa kifuniko, upande wa pili gusisheni kipande cha karatasi inayonyonya maji, ile chumvi itavutwa ipite chini. Msitoe jicho. Ndani ya dakika chache ile zambarau inaanza kuachia kona, inanywea, inajikusanya katikati ka puto linaloishiwa upepo, wakati chumba chenyewe kimebaki palepale na umbo lake. Ule mpaka wa zambarau unaoukimbia ukuta ndo unakuonesha utando wa seli ulipo. Siku zote ulikuwepo, ila ulikuwa umegandamizwa kwenye ukuta ndo maana hukuuona. Ukuta ni wa selulosi, mgumu, maji na chumvi vyote vinapita bila hodi. Utando ndo mlinzi wa geti, maji unayaruhusu kirahisi lakini chumvi unaibania, kwahiyo maji yanatoka ndani kufuata chumvi iliyoko nje, na hiyo ndo osmosisi mnayoikariri kila siku. Wale watatu mlioniandikia kuuliza tofauti ya ukuta na utando, jibu lenu ni hili hili, siandiki tena.

Swali: Mwalimu tumeambiwa kiini ndo bosi, seli isiyo na kiini inakufa. Mbona seli nyekundu za damu hazina kiini na tunaishi? – Mbishi

Jibu: Hazina ndio, ila zilikuwa nacho. Seli nyekundu inapokua kwenye uboho wa mfupa inakuwa na kiini kama wenzake, inakitumia kutengeneza himoglobini ya kutosha, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, alafu ikikomaa inakitema. Inatoa na mitokondria pia. Inabaki kifuko cha himoglobini, kisahani kilichobonyea pande zote mbili, kipenyo kama mikromita 7 au 8, laini kiasi kwamba inajikunja kupita kwenye kapilari (vimishipa vya damu) nyembamba kuliko yenyewe.

Ila tangu hapo siku zake zinahesabika. Maelekezo ya kutengeneza protini mpya yalikuwa kwenye kiini, sasa kiini hakipo, kitu kikichakaa hakuna spea, na baada ya siku 120 hivi inaondolewa kwenye damu na mpya zinachukua nafasi. Kwahiyo mwalimu wako hakukosea sana, alisahau tu kusema inakufa lini.

Kinachonifurahisha mi ni hiki: seli nyekundu inabeba oksijeni kwa ajili ya mwili mzima na yenyewe haiitumii. Haina mitokondria za kuitumia, kwahiyo inapata nishati yake kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Mchota maji asiyeonja hata funda. Na usije ukaandika kwenye mtihani kwamba wanyama wote wako hivi, seli nyekundu za ndege, samaki na vyura zina kiini kama kawaida, ni sisi mamalia ndo tumejifanya tofauti.

Swali: Mimea ina kloroplasti, wanyama wana mitokondria. Sahihi au si sahihi?

Jibu: Si sahihi, na hili kosa linanichosha. Mmea una mitokondria. Kloroplasti inatengeneza glukosi kwa kutumia mwanga, lakini glukosi ni chakula ghafi, lazima kivunjwe ndo nishati itoke kwa namna ambayo seli inaweza kuitumia, yaani ATP, na kazi kubwa ya hapo ni ya mitokondria, iwe kwenye mmea, mnyama au uyoga. Seli za mzizi hazina kloroplasti, usiku nako hakuna mwanga, unadhani mmea unaishije? Alafu acheni kuandika mitokondria "inaunda nishati". Nishati haiundwi, inabadilishwa.

Kingine, huwa hakiingii sana kwenye mtihani ila kitamu: mitokondria na kloroplasti zote zina DNA yake na zote zimezungushiwa tando mbili. Mwaka 1967 mwanabaiolojia wa Marekani Lynn Margulis alichapisha hoja kwamba hivi zamani vilikuwa viumbe vinavyojitegemea, jamii ya bakteria, vikaingia ndani ya seli nyingine vikahamia jumla. Mwanzoni wengi walimbeza. Leo ndo maelezo yanayokubalika.

Swali: Tembo ni mkubwa, kwanini asiwe na seli kubwa? – Kidato cha kwanza, usinicheke

Jibu: Sicheki, hili ndo swali bora kuliko yote niliyopata. Seli za tembo kwa sehemu kubwa zina ukubwa uleule wa seli za panya, yeye anazo nyingi tu. Sababu ni hesabu. Chukua mchemraba wa sentimeta 1 kila upande: eneo la uso ni 6, ujazo ni 1. Uongeze mpaka sentimeta 2: eneo 24, ujazo 8, kwahiyo kila kipimo kimoja cha ujazo kimebaki na uso wa 3. Sentimeta 3: eneo 54, ujazo 27, sasa ni 2 tu. Uso ndo utando, mlango pekee wa chakula kuingia na uchafu kutoka. Ujazo ndo wakazi wenye njaa. Nyumba ikikua wakazi wanaongezeka haraka kuliko milango, na wa katikati kabisa oksijeni inamfikia kwa kuchelewa. Ndo maana seli ikifika ukubwa fulani inagawanyika badala ya kuendelea kunenepa. Utaniuliza je neva ya mguuni, mbona seli moja inafika kama mita nzima? Ni ndefu lakini nyembamba mno, kwahiyo hakuna sehemu ya ndani iliyo mbali na utando. Imekwepa hesabu kiujanja.

Swali: Nani aligundua seli?

Jibu: Robert Hooke, Mwingereza, mwaka 1665. Alikata kipande chembamba cha kizibo, lile gome jepesi la kuzibia chupa, akaona vijumba akaviita seli. Lakini vilikuwa vitupu, gome lilishakufa zamani, kwahiyo alichokiona ni kuta tu. Kiini kilipewa jina lake mwaka 1831 na Robert Brown. Miaka 166 baadaye, hesabuni.

Swali: Mwalimu ni mimi tena wa kitunguu. Mchoro wangu wa seli una urefu wa sentimeta 8, seli yenyewe tuliambiwa ni mikromita 200. Nimegawanya nikapata ukuzaji wa 0.04. Nimekosa maksi tena.

Jibu: Hapo sasa sikutetei. Ukuzaji ni ukubwa wa mchoro gawanya kwa ukubwa halisi, fomula unaijua, ila umegawanya sentimeta kwa mikromita. Lazima vipimo vifanane kwanza. Sentimeta 8 ni milimita 80, na milimita 1 ni mikromita 1,000, kwahiyo mchoro wako ni mikromita 80,000. Gawanya kwa 200 unapata 400, unaandika ×400, na hauwekei kipimo chochote mbele. Siku nyingine ukipata ukuzaji chini ya 1 shtuka palepale, maana unasema mchoro ni mdogo kuliko seli, na kwa 0.04 yako mchoro mzima ungekuwa mikromita 8, ungemlazimisha mwalimu asahihishe daftari lako kwa hadubini.