Siebold na chanjo ya ndui

SWALI: Nimesoma kwamba daktari Mjerumani Philipp Franz von Siebold aliwafundisha Wajapani kuchanja ndui miaka ya 1820. Kwingine naambiwa chanjo ilishika Nagasaki mwaka 1849. Lipi sahihi?

JIBU: Yote mawili. Siebold alifika Dejima, kisiwa kidogo bandarini Nagasaki, mwaka 1823 kama daktari wa kituo cha Waholanzi. Ufundi alifika nao; chanjo yenyewe ilimfia njiani.

Chanjo ya wakati ule ilikuwa majimaji angavu ya lengelenge la ndui ya ng'ombe (ugonjwa mwepesi unaomkinga mtu na ndui), yaliyokingwa siku ya 7 au 8 baada ya mtu kuchanjwa. Ukichelewa, yanageuka usaha na nguvu inapungua. Kutoka Batavia (Jakarta ya leo) yalisafiri wiki kadhaa baharini, kwenye joto, na virusi vikafa. Chale za Siebold zikapona bila kutoa lengelenge. Na kwa kuwa meli za Kiholanzi zilikwenda na kusi, mara moja kwa mwaka, kila jaribio lililoharibika lilikula mwaka mzima.

Otto Mohnike, daktari wa Dejima aliyefika 1848, alikwama palepale. Ndipo Narabayashi Soken, tabibu wa mtawala wa Saga, akashauri yaagizwe magaga makavu ya ndui ya ng'ombe badala ya majimaji. Hakubahatisha: tangu 1790 Ogata Shunsaku alikuwa akisaga magaga ya ndui na kuyapuliza puani mwa watoto, njia ya hatari kwa kuwa ile ni ndui halisi. Ndani ya gaga kavu virusi hustahimili safari. Magaga yakafika 1849, watoto watatu wakachanjwa, na chanjo ikashika kwa mmoja tu: mwana wa Narabayashi.

Mmoja alitosha. Majimaji ya mkono wake yakachanja wengine, mkono kwa mkono, ilimradi kila wiki apatikane mtoto ambaye hajaugua ndui wala kuchanjwa. Akikosekana, mnyororo umekatika.

Hapo ndipo kazi ya Siebold inapoonekana. Yeye alikuwa amefukuzwa nchini tangu 1829 kwa kukutwa na ramani zilizokatazwa, lakini wanafunzi wa shule yake ya Narutaki walikuwapo. Mmoja wao, Ito Genboku, alichanja Edo (Tokyo ya leo) mwaka huohuo wa 1849. Mwaka 1858 yeye na wenzake walifungua kituo cha chanjo cha Otamagaike, ambacho kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Tokyo hukihesabu kuwa chimbuko lake.