Nguva Waimbaji wa Mermaid Melody: Maswali Yenu na Majibu

Tangu niitaje Mermaid Melody Pichi Pichi Pitch katika safu hii, maswali yamekuwa mengi, na nimefurahi kwa sababu ni hadithi ninayoipenda kwa dhati. Kwa ambaye hajaisoma: ni manga, yaani hadithi ya michoro, ya watoto kutoka Japani. Hadithi ni ya Michiko Yokote na michoro ni ya Pink Hanamori. Ilitoka sehemu kwa sehemu katika Nakayoshi, jarida la wasichana la kampuni ya Kodansha, kuanzia 2002 hadi 2005, ikakusanywa katika juzuu 7. Wahusika wakuu ni Lucia, Hanon na Rina, wanafunzi wa shule ambao kumbe ni mabinti wa kifalme wa nguva, viumbe nusu binadamu nusu samaki. Mashetani wa baharini wakiwashambulia, wao hushika vipaza sauti na kuimba.

*Shikamoo Shangazi. Binti yangu ana miaka 10 na rafiki yake amemwazima juzuu ya kwanza. Nimeona ni mambo ya uchawi, na sisi ni watu wa dini. Nimnyang'anye?* (Mama wa wawili, Tanga)

Marahaba, mama. Usimnyang'anye. Kaa naye msome pamoja, kisha uamue ukiwa umeona kwa macho yako.

Nguvu za wasichana hawa zinatoka katika lulu wanayovaa shingoni ndani ya kidani cha kombe, na katika sauti zao. Hawachinji kitu, hawafukizi kitu, hawamlogi mtu. Hawaimbi kumdhuru jirani wala kumvuta mwanamume. Wanaimba wanapovamiwa, na mashetani huziba masikio kwa maumivu na kukimbia. Yumo mpiga ramli mmoja, Taki, anayeishi na wasichana hao, lakini amewekwa kwa ajili ya kuchekesha na bashiri zake hukosea. Kama hilo linakukwaza, hapo ndipo pa kuzungumza na binti yako.

Ningekuwa wewe, ningeangalia zaidi mambo mengine mawili. Kuna mapenzi ya ujana, pamoja na busu, na nguva wamechorwa kifua kikiwa kimesitiriwa kwa makombe tu. Kwa mtoto wa miaka 10 mimi naona inafaa, ila kila nyumba ina mpaka wake, na wako unaujua wewe.

*Shangazi, mbona hawa hawapigani? Mimi napenda vita. Wanaimba tu, basi adui anakimbia!* (Mwanafunzi wa darasa la saba, Morogoro)

Swali zuri, mwanangu. Hadithi za wasichana wenye nguvu za ajabu zina historia ndefu huko Japani. Mwaka 1962 jarida la Ribon lilianza kuchapisha Himitsu no Akko-chan, ya msichana mwenye kioo kinachombadilisha awe yeyote amtakaye. Mwaka 1983 televisheni ikaleta Creamy Mami: msichana wa miaka 10 anapewa nguvu za kugeuka binti mkubwa, na akishageuka anakuwa mwimbaji maarufu. Sauti yake ilitiwa na mwimbaji kijana wa kweli, Takako Ohta, na nyimbo zikauzwa madukani. Hapo ndipo uimbaji na uchawi viliposhikana mikono sawasawa.

Kisha, mwishoni mwa 1991, Sailor Moon ikaanza katika Nakayoshi. Hiyo ingekufaa wewe mpenda vita: kikosi cha wasichana, kila mmoja na rangi yake, wanapambana na adui uso kwa uso. Mermaid Melody ilipokuja katika jarida hilohilo miaka kumi na kidogo baadaye, ilichukua kikosi na rangi kutoka kwa Sailor Moon, ikachukua jukwaa kutoka kwa Creamy Mami, ikaondoa ngumi. Wimbo wenyewe ndio silaha. Na usidhani ni silaha nyepesi. Lucia anapoanza hadithi hana lulu yake, kwa hiyo hana cha kumkinga hadi airudishe mkononi. Baadaye wanatokea madada wawili waovu, Sheshe na Mimi, ambao nao huimba, na hapo utaona vita unayoitaka: wimbo dhidi ya wimbo.

*Nimechoka na Lucia! Anampenda Kaito, Kaito anampenda nguva aliyemwokoa, na nguva huyo ni Lucia mwenyewe. Si amwambie tu?* (Msomaji wa kidato cha tatu, Kisumu)

Hapa umegusa moyo wa hadithi nzima, kwa hiyo nivumilie.

Miaka 7 kabla hadithi haijaanza, Kaito alikuwa mtoto anayezama baharini. Lucia alimwokoa, akampa lulu yake. Sasa amekuja nchi kavu kuitafuta, anasoma naye shule moja, na Kaito hamtambui. Sheria ya nguva ni kali: nguva akimwambia mwanadamu kwa kinywa chake kuwa yeye ni nguva, anageuka povu na kutoweka. Mwanadamu akigundua mwenyewe, ni salama. Kwa hiyo Lucia anakaa karibu na kijana ambaye moyo wake uko kwa msichana mwingine, na msichana huyo mwingine ni yeye. Anajionea wivu mwenyewe. Mimi sijui hadithi nyingine ya watoto iliyoyapanga maumivu ya namna hiyo kwa urahisi hivyo.

Povu hilo limetoka kwa Hans Christian Andersen, Mdenmaki aliyechapisha kisa chake cha nguva mdogo mwaka 1837. Nguva wa Andersen alitoa sauti yake ili apate miguu, akafika kwa mwana wa mfalme akiwa bubu, mwana wa mfalme hakumuoa, na mwisho akawa povu. Yokote na Hanamori waliliacha povu, wakarudisha sauti. Tena waliirudisha kwa nguvu: Lucia ana sauti ya kuwatimua mashetani, ana sauti ya kujaza bahari, ila kuna sentensi moja tu asiyoweza kumwambia mtu mmoja tu. Nguva wa Andersen alinyimwa kila neno. Huyu amenyimwa maneno machache kabisa, na hayo ndiyo anayoyahitaji.

Ndiyo maana anaimba vile. Kila wimbo wake ni namna ya kusema bila kusema. Ukirudia juzuu za mwanzo ukiwa na hilo kichwani, utaona kuwa kila anapoimba mbele ya Kaito mambo mawili yanatokea kwa pamoja: adui anashindwa, na Kaito anasogea hatua moja karibu na ukweli. Msichana wa kidato cha tatu ana haki ya kuchoka naye. Lakini wangapi darasani kwako wana maneno machache kabisa ambayo hayatoki?

*Mimi ni wa Mombasa. Mbona katika mabinti 7 wa bahari zote, aliyeharibika ni wa Bahari ya Hindi? Bahari yetu!* (Kaka mpenda katuni, Likoni)

Ambaye hajamaliza sehemu ya kwanza aruke jibu hili.

Kaka, nilipoona kuwa Sara ni wa Bahari ya Hindi nilifurahi kwanza, nikaumia baadaye. Mabinti ni saba, kila mmoja na bahari yake na lulu yake: Lucia wa Pasifiki ya Kaskazini ana ya waridi, Hanon wa Atlantiki ya Kusini ana ya samawati, Rina wa Atlantiki ya Kaskazini ana ya kijani, Caren wa Antaktiki ya zambarau, Noel wa Aktiki ya buluu iliyokolea, Coco wa Pasifiki ya Kusini ya manjano. Sara ana ya rangi ya chungwa, na bahari yake ni hii inayopiga ufukwe wa Likoni.

Sara alimpenda mwanadamu, mwanamuziki aitwaye Mitsuki Taro. Taro akamwacha. Sara akageuza huzuni kuwa hasira, akauangamiza ufalme wake mwenyewe, akaenda kusimama upande wa Gaito, adui mkuu. Waandishi wakaongeza chumvi kwenye kidonda: Taro huyohuyo sasa ni mwalimu wa muziki shuleni kwa akina Lucia, na Hanon, asiyejua lolote, anampenda.

Kwa hiyo usimwone Sara kama binti aliyeharibika. Yeye ndiye anayeonyesha Lucia angekuwa nani kama Kaito angeondoka. Wamefanya jambo lilelile: wote wawili walimpenda mwanadamu, wote wawili walibeba siri. Mmoja alisubiriwa, mwingine akaachwa. Hanon na Rina ni wa kupendeza lakini hawabadiliki sana. Sara anabadilika mara mbili. Mwisho wa sehemu ya kwanza anarudi kuimba pamoja na wenzake, kisha, jumba la Gaito linapoporomoka, anachagua kubaki naye. Wasomaji wengine huona huo ni udhaifu. Mimi naona kwamba mtu aliyewahi kuachwa peke yake alikataa kumwacha mwingine peke yake, hata kama mwingine huyo alistahili kuachwa. Ni uamuzi mkubwa kuuweka mbele ya watoto wa shule ya msingi, na nawaheshimu waandishi kwa kuwaamini wasomaji wao.

Na Bahari ya Hindi haibaki bila mwenyewe. Sehemu ya pili inamleta Seira, mrithi wa lulu ya rangi ya chungwa. Jipe moyo.

*Kitabu changu kinaanzia nyuma. Je, kimechapishwa vibaya?* (Msomaji, Dodoma)

Hapana, kiko sawa. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na wachapishaji wengi wanaotafsiri huacha mpangilio huo ulivyo. Anza na kisanduku cha juu kulia, nenda kushoto, shuka. Aliyepita madrasa hatapata taabu, maana mkono umeshazoea kufungua kitabu upande huo.

*Nianze na manga au katuni ya televisheni?* (Dada, Kigali)

Anza na manga, dada. Juzuu 7 unazimaliza likizo moja. Katuni ina vipindi 91 kwa jumla, 52 vya sehemu ya kwanza na 39 vya sehemu ya pili, vilivyorushwa 2003 na 2004, na vingi vinarudia mwendo uleule: adui anakuja, wanaimba, adui anakimbia. Ila nyimbo ziko huko, na hizo lazima uzisikie. Kuna pia mwendelezo ulioanza 2021, unaomhusu binti yake Lucia. Uache mpaka umalize zile saba.

*Mwanangu wa miaka 9 amemaliza Mermaid Melody. Dukani wamempendekezea Full Moon o Sagashite kwa sababu nayo ni ya msichana mwimbaji na nguvu za ajabu. Inamfaa?* (Baba, Nairobi)

Bado, baba. Ni kazi nzuri sana ya Arina Tanemura, nayo ina juzuu 7, lakini jalada lake zuri linaficha mambo mazito. Msichana huyo, Mitsuki, ana miaka 12, ana uvimbe kooni, na wajumbe wawili wa kifo wanakuja kumwambia kuwa amebakiwa na mwaka mmoja. Wanamsaidia kugeuka binti wa miaka 16 mwenye afya ili aimbe. Baadaye inajulikana kuwa wajumbe hao walikuwa wanadamu waliojiua. Ningempa mtoto wa miaka 13 kwenda juu, na ningekuwa nyumbani siku anayoimaliza. Kama familia yenu imepitia msiba karibuni, subirini zaidi.

*Shikamoo Shangazi. Nachora manga yangu kuhusu wasichana wa kwaya wenye nguvu za ajabu. Tatizo ni nyimbo. Karatasi haina sauti! Hanamori anafanyaje?* (Mchoraji chipukizi, Mwanza)

Marahaba, mwanangu, na hongera. Fungua ukurasa wowote ambao wasichana wanaimba, ulinganishe na ukurasa uliotangulia. Kabla ya wimbo, visanduku ni vidogo na vimebanana, maneno yamefungiwa ndani ya viputo. Wimbo ukianza, kuta za visanduku zinaanguka. Msichana anachukua ukurasa mzima, nywele na gauni vinavuka mipaka, na maneno ya wimbo yanatoka kwenye viputo yakitiririka juu ya picha kama utepe. Jicho lako lilikuwa linaruka kutoka kisanduku hadi kisanduku, ghafla linateleza. Mteremko huo ndio unaousikia kama sauti.

Jambo la pili ni msikilizaji. Usichore kinywa kilicho wazi peke yake. Chora anayesikia: adui aliyeziba masikio, mtoto aliyesimama katikati ya hatua, mtu aliyegeuka ghafla. Msomaji anaamini wimbo kwa kuona umemfanya nini mtu mwingine.

Jaribu zoezi hili. Chora wimbo mmoja wa kwaya yako kwa kurasa 4 bila kuandika neno hata moja la wimbo. Mwonyeshe rafiki asiyejua hadithi yako, umwulize wimbo ni wa furaha au wa huzuni. Akipatia, rudi uongeze maneno. Akikosea, shida iko kwenye picha, na maneno hayataiponya.

Vifaa visikutishe. Penseli, kalamu ya wino mweusi na karatasi vinatosha. Vile vivuli vya vitone unavyoviona kwenye manga ni karatasi maalumu za kubandika, lakini unaweza kuvichora kwa ncha ya kalamu, au kutumia programu: Krita ni ya bure kwa kompyuta, na ibisPaint inafanya kazi kwenye simu. Na kwa kuwa utaandika Kiswahili, panga visanduku vyako kutoka kushoto kwenda kulia tangu ukurasa wa kwanza. Maneno ya wimbo yakienda upande mmoja na picha upande mwingine, msomaji atapotea katikati ya ubeti.